Aliimba miaka sabini, alipata nini? Jibu kwa mwalimu wa kwaya wa Arua

Swali: "Mzee, salaam. Ninaongoza kwaya ya vijana karibu na Rhino Camp, makazi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Uganda, wengine wenyeji, wengine wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Tunapiga adungu, kinubi chetu cha nyuzi, na kuimba kwa Kiswahili. Nimekuwa nikisoma habari za Pete Seeger, Mmarekani wa banjo aliyeimbia amani maisha yake yote. Juzi vijana wangu wawili walipigana kisimani, na mzazi mmoja akaniuliza mbele ya watu: ni wimbo gani umewahi kuzuia rungu? Sikuwa na jibu. Huyu Seeger aliimba miaka sabini. Alipata nini? Na mimi niendelee au niache?"

Mwanangu, nianze na sehemu iliyo chungu. Hakuna vita ambavyo Pete Seeger alivizuia kwa banjo yake. Aliimba dhidi ya vita vya Vietnam, na mabomu yakaendelea kuanguka kwa miaka. Uzeeni, wakati wa vita vya Iraki, alikuwa akienda kusimama kando ya barabara kuu karibu na kwake siku za Jumamosi, bango la amani mkononi, magari yakipita, na vita navyo vikaendelea. Yule mzazi akimpima kwa rungu, Seeger alitoka mikono mitupu. Sitaki umjibu kwa kumdanganya.

Lakini kuna kazi moja ambayo Seeger aliiweza kuliko mwanamuziki yeyote niliyepata kumchunguza, nayo ndiyo inayokuhusu wewe. Aliwafanya watu waliokuja kumsikiliza waimbe wao. Zitazame filamu zake za jukwaani. Kichwa amekitupa nyuma, koo liko nje, banjo ameiinua hadi kifuani. Anaimba ubeti mmoja. Kabla mstari unaofuata haujafika, katika ile pumzi fupi iliyo katikati, anautamka haraka kwa sauti ya maongezi, kama mama anayemtilia mtoto tonge mdomoni, na watu wanaupokea na kuuimba. Kisha anawagawa: wanaume huku chini, wanawake kati, walioko roshani wachukue sauti ya tatu. Halafu yeye ananyamaza. Ukumbi mzima unaimba, na mtu waliyemlipia kiingilio anapiga nyuzi na kuwasikiliza.

Utaniambia kwetu hilo ni jambo la kila siku. Ni kweli: kuanzisha na kuitikia tumekuta kwa wazee wetu, na Seeger naye alikukuta kwa watu weusi wa Marekani, ambao mababu zao walitoka nako Afrika. Hata banjo ilitoka huku. Watumwa kutoka Afrika Magharibi waliijenga upya kutoka kichwani, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa mpini. Ila angalia harusi zetu za siku hizi: spika mbili kubwa kama makabati, na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanatazama. Seeger aliliona hilo likiwapata Wamarekani mapema, kupitia redio na santuri, na likamuuma. Aliamini kwamba watu wanaokaa kimya kusikiliza wimbo watakaa kimya kwa mengine pia.

Kwao muziki ulikuwa wa vitabu. Alizaliwa New York tarehe 3 Mei 1919. Baba yake, Charles, mtaalamu wa elimu ya muziki, mama yake, Constance, mpiga fidla. Pete akiwa bado mchanga walipakia familia kwenye gari lenye tela walilolitengeneza kwa mikono, wakaenda kusini kuwapelekea wanavijiji muziki waliouona mzuri. Huko North Carolina wenyeji waliwasikiliza kwa adabu, kisha wakatoa fidla na banjo zao wakapiga za kwao. Ndipo baba alipoelewa kwamba watu wale hawakuwa na ule upungufu aliokuja kuujaza. Kila ninapoona gari linaingia kambini na nyimbo za amani zilizokwisha kutungwa Kampala au Ulaya, huwaombea waliomo wafikiwe na siku kama ile.

Banjo ya nyuzi tano Pete aliisikia 1936 kwenye tamasha la Asheville, akiwa na miaka 17. Miaka miwili baadaye aliacha Chuo Kikuu cha Harvard. 1940 akakutana na mwimbaji Woody Guthrie, wakazunguka nchi wakiimba kwenye migomo na mikutano ya vyama vya wafanyakazi. 1942 akaitwa jeshini, 1943 akamwoa Toshi Ohta. Hayo utayasoma popote. Mimi nataka tukae kwenye wimbo mmoja.

We Shall Overcome, yaani "tutashinda", wengi hudhani ni wa Seeger. Mizizi yake iko katika nyimbo za makanisa ya watu weusi. Mwaka 1945 hadi 1946 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara mjini Charleston, wengi wao wanawake weusi, waligoma miezi ya baridi kali, na mmoja wao, Lucille Simmons, alipenda kuuimba polepole mno. Zilphia Horton wa shule ya Highlander, huko Tennessee, akaupokea kutoka kwa wagomaji, naye akamfundisha Seeger. Seeger akaongeza beti na kuzunguka nao. Mwaka 1957 aliuimba Highlander mbele ya Martin Luther King, na King akaondoka garini wimbo ungali mdomoni. Mwaka 1960 kijana mmoja, Guy Carawan, akawafundisha wanafunzi weusi waliokuwa wanaanzisha harakati zao mjini Raleigh, wakaukamata wakiwa wameshikana mikono, na tangu hapo haukurudi tena kwa mtu mmoja. Waliousajili, Seeger akiwemo, walielekeza mapato yake kwenye mfuko wa kusaidia jamii za watu weusi wa kusini.

Sasa rudi kwa swali la rungu. Wale wanafunzi walipigwa virungu huku wakiimba. Wimbo haukuwakinga vichwa. Uliwapa namna ya kubaki pale pamoja, bila kukimbia na bila kuokota jiwe. Ningekuwa mimi, ndilo ningemwambia yule mzazi, kisha ningemwomba aje jioni moja kwenye mazoezi.

Na kwa kuwa tumetaja mawe. Tarehe 4 Septemba 1949 Seeger aliimba kwenye tamasha karibu na Peekskill, jimbo la New York, pamoja na Paul Robeson, mwimbaji mweusi aliyechukiwa na wengi kwa siasa zake. Watu walipokuwa wanatoka, walikuta umati umejipanga kando ya barabara na marundo ya mawe. Polisi walikuwepo, wala hawakuzuia. Ndani ya gari la Seeger alikuwamo Toshi na watoto wao wawili wadogo. Vioo vikapasuliwa kimoja baada ya kingine, watoto wamelazwa chini. Walipofika salama, Seeger alikuta baadhi ya mawe yamebaki ndani ya gari. Wakati huo alikuwa anajijengea nyumba ya magogo kwa mikono yake huko Beacon, juu ya mto Hudson. Akayachukua mawe yale, akayajengea kwenye dohani ya meko. Miaka zaidi ya sitini familia ile ilipikia na kuota moto chini ya mawe waliyorushiwa. Nimesoma mengi juu ya mtu huyu, na bado hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu.

Gharama ilikuja baadaye. Kundi lake, The Weavers, lilikuwa limepata umaarufu mkubwa, mwaka 1950 wimbo wao ukakaa kileleni Marekani wiki 13. Kisha ikaja ile hofu ya ukomunisti. Mikataba ikavunjwa, kumbi zikafungwa, na televisheni za kitaifa zikamfungia Seeger kwa miaka 17. Tarehe 18 Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Wengine walikuwa wakijikinga na Rekebisho la Tano la katiba, linalomruhusu mtu asijitie hatiani kwa ulimi wake. Seeger hakutaka kinga hiyo. Alisema maswali yenyewe, kuhusu imani yake, siasa zake, kura yake na watu aliowaimbia, hayafai kuulizwa Mmarekani yeyote. Akawaambia yuko tayari kuzungumzia nyimbo zake, hata kuwaimbia. Na mwenyekiti wa kamati aliyekuwa akimbana, Seeger alimwambia kwamba yeye Seeger anazijua nyimbo nzuri za wilaya anakotoka mwenyekiti huyo, kwa kuwa aliwahi kupita kule akiomba lifti na kulala kwenye nyumba za wachimba migodi.

Jaribu kujiweka kwenye kiti kile. Mtu anataka kukufunga, wewe unamkumbusha nyimbo za kwao. Hakumpaka mafuta, maana swali hakulijibu. Alikataa tu kumwona kama adui asiye na kijiji. Alishtakiwa kwa makosa 10 ya kulidharau Bunge, akahukumiwa 1961 kifungo cha mwaka mmoja kwa kila kosa, vyote vitumikiwe kwa pamoja. Rufaa ikamwokoa Mei 1962. Katika miaka hiyo alikwenda kuimba mashuleni, kambi za watoto, vyuoni, kwa malipo kidogo. Watoto wale walikua, na wengi ndio walioandamana miaka ya 1960 wakiwa na nyimbo zake kichwani.

Nisikufiche makosa yake. Alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti ujanani, na mapema mwaka 1941 kundi lake la wakati huo lilitoa nyimbo za kupinga Marekani kuingia vitani. Juni mwaka ule Ujerumani ikaivamia Urusi ya Kisovyeti, mkondo wa chama ukageuka, na nyimbo nazo zikageuka. Baadaye alikuja kuomba radhi kwa kuchelewa kuuona ukatili wa Stalin. Nakutajia kwa sababu najua utakutana na majaribu hayo hayo kwa sura nyingine. Atakuja mgombea, au mradi wenye fulana, akuombe wimbo wa amani wenye jina lake kwenye kiitikio. Fedha itakuwa ya kweli na nyuzi za adungu ni ghali. Kataa jina. Siku watakapogombana wakubwa, wimbo huo utakuwa umeshachagua upande, na nusu ya kwaya yako itakuwa upande wa pili.

Kosa la pili linatugusa sisi Waafrika zaidi. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, alirekodi Johannesburg wimbo uitwao Mbube, yaani simba. Santuri ikamfikia Seeger, akasikia neno vibaya, akaliandika "wimoweh", na The Weavers wakaurekodi. Wimbo ukatengeneza mamilioni mikononi mwa watu wengine. Seeger alitaka Linda alipwe, na mwenyewe alimpelekea dola 1,000, lakini hakuhakikisha mkataba, na baadaye alikiri hivyo kwa majuto. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata makubaliano ya haki zake 2006. Kwa hiyo, mwanangu, mzee yeyote wa Kialur au mama wa Kidinka atakayewapa wimbo, andikeni jina lake kwenye daftari siku hiyo hiyo, na mlitaje kila mnapouimba. Nia njema ya Seeger haikumtosha Linda.

Nakuja kwenye kisima chako, na hapa nitakuomba usome taratibu. Miaka ya 1960 mto Hudson, ule uliopita chini ya nyumba ya Seeger, ulikuwa umejaa maji taka na sumu za viwanda. Marekani ilikuwa inawaka kwa Vietnam na ubaguzi. Seeger akasema watajenga jahazi, mfano wa majahazi ya tanga yaliyopita mto ule karne moja kabla. Kulikuwa na waliomshangaa. Alizunguka akiimba na kuchangisha, na mwaka 1969 Clearwater, jahazi la urefu wa futi 106, likashushwa majini huko Maine. Likawa linatia nanga mji kwa mji. Watu wa siasa zote walikuja kulitazama kwa sababu lilikuwa zuri. Wakivuta kamba za tanga kwa wimbo, wakitazama maji kwa macho yao, maneno yakaanza. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya maji safi. Siwezi kusema jahazi moja ndilo lililoileta. Lakini miji mingi ya kando ya mto ule ilijifunza kuupenda tena, na watoto wanapanda Clearwater hadi leo kuvua samaki, kuwatazama na kuwarudisha.

Katika jahazi lile wimbo ulikuwa na kazi ya mikono pembeni yake. Nadhani hapo ndipo kwaya yako imepungukiwa. Mnaimba amani ukumbini, na ugomvi uko kisimani.

Toshi nimemtaja kidogo mno, na si haki. Yeye ndiye aliyepanga safari, akajibu barua, akaendesha matamasha, na miaka ile ya mwanzo ya Beacon aliteka maji kijitoni akiwa na watoto wachanga huku mumewe akiwa njiani anaimbia haki. Nyuma ya kila mtu wa amani unayemsoma kuna mtu anayebeba ndoo. Mtazame wa kwako.

Hapa kwetu pia kuna mifano, usidhani lazima uvuke bahari. Enzi za vita vya waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda, redio ya Gulu, Mega FM, ilikuwa na kipindi kilichoitwa Dwog Paco, rudi nyumbani. Waliotoka porini walisimulia, na nyimbo za Kiacholi zikawaita waliobaki. Wapiganaji wengi, watoto wengi waliotekwa, walisema baadaye kwamba walikuwa wakisikiliza kwa siri na ndipo walipojua kuna msamaha na kwamba kwao bado wanangojwa. Kule Mbale, JJ Keki, mwanamuziki na mkulima wa jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, alianzisha 2004 ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo, akiwa ameshuhudia mashambulizi ya New York ya 2001 kwa macho yake. Wakulima wale wana nyimbo za amani na za kahawa, na kahawa inapimwa kwenye mizani moja. Na Geoffrey Oryema, aliyeuawa baba yake chini ya Idi Amin mwaka 1977 na kutoroshwa kwenye buti la gari, aliimba Ulaya kwa Kiacholi na Kiswahili karibu miaka 40 kabla ya kurudi kuimba nyumbani 2016. Kwa Wauganda wengi wa umri wangu Kiswahili kilisikika kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kwa mwenye bunduki. Mimi nilikulia nyumba za reli Jinja, kwetu kilikuwa lugha ya uani, ndiyo maana nafurahi mno kusikia vijana wa Kikakwa, Kilugbara, Kinuer na Kidinka wakikiimbia amani Arua.

Kwa hiyo usiache. Ila badilisha mambo matatu au manne. Hamisha zoezi moja kwa wiki liende kisimani, saa ya foleni, jerikani zikiwa zimepangwa. Msiimbe wimbo wa kuhubiri. Tafuteni wimbo wa kazi, wa kupampu, wenye mwendo wa mkono. Wale vijana wawili waliopigana usiwatoe kwenye kwaya wala usiwalazimishe kukumbatiana mbele ya watu. Mmoja aanzishe, mwenzake aongoze waitikiaji, na mpe kila mmoja ubeti wa lugha ya mamaye amfundishe mwenzake matamshi. Itachukua wiki kadhaa za kukosea. Wakati huo mtakaa na kamati ya maji mwulize foleni inapangwaje, nani anaruka zamu, na pampu inaharibika mara ngapi, kwa sababu huenda ugomvi wenyewe uko hapo na hakuna kiitikio kitakachoutengeneza.

Na jambo la ufundi. Kwenye rekodi uliyonitumia kwa WhatsApp mnaimba juu sana. Vijana wanafika, lakini nikisikiliza nyuma nasikia akina mama wakianza mstari kisha wakiuachia njiani. Seeger alirefusha shingo ya banjo yake kwa vituo vitatu ili aweze kushuka chini zaidi. Legezeni nyuzi za adungu zote kwa kiasi kimoja, kubwa na ndogo, mshuke sauti mbili kamili, halafu mwimbe tena na usikilize akina mama.